Mikono Mingine Iliyohusika

Sindano ya kwanza ilikosea mahali. Nakijwa alijua hata kabla taa ya kikuku kilichovishwa juu ya kiwiko cha mfungwa haijasema lolote, kwa kuwa kilichoruka ni kidole gumba cha Semboja, na yeye alikuwa akikitafuta kidole cha mwisho.

"Tulia."

"Mimi nimetulia, Mama Fundi. Mkono ndio wenye wasiwasi. Umesikia unakwenda kulazwa mchana."

Nakijwa hakucheka, ingawa midomo yake ilitaka. Aliichomoa sindano, akafuta tone la damu kwa pamba, akapapasa tena nyuma ya kiwiko, pale kwenye kijifereji ambapo mtu akijigonga mkono wote huingia ganzi. Akaipata neva, nene kama uzi wa kiatu, ikiteleza chini ya ncha ya kidole chake. Akaifuata kwenda juu mpaka kwenye ukingo wa kikuku, akaingiza sindano kupitia tundu la kwanza. Mara hii kidole cha mwisho kilitikisika, kikafuatwa na jirani yake. Taa ikawaka njano. Neva imepatikana, haijafungwa.

"Bado mbili," alisema.

"Mama, kazi yenyewe ndefu hivi?" Sauti ilitoka kwenye benchi la ukutani. "Mimi nimeacha mtoto kwa jirani."

Huyo alikuwa Mwantumu. Mkono wa kulia wa gauni lake ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini chini kidogo ya kiwiko, na pale pa pini ndipo mwili wake ulipoishia. Kando yake palikuwa na kifurushi cha kitambaa chenye mihogo ya kuchemsha. Alikuwa amekuja kwa sababu sheria ilimtaka aje. Kikuku hakikufungwa ila kwa sauti ya aliyeumizwa: neva tatu, na kwa kila moja aseme "funga", na mashine iitambue sauti yake. Walioitunga sheria hiyo walidhani walikuwa wakimpa heshima.

"Ndefu, mwanangu," Nakijwa alijibu. "Nikiharakisha, nitamfunga mahali pasipohukumiwa."

"Hilo nalo sitalilia."

Semboja aliinamisha kichwa. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, mpana wa mabega, mwenye viganja vilivyokwaruzwa na miiba ya mkonge. Kunguru walisikika juu ya paa la mabati.

Chumba hicho zamani kilikuwa ofisi ya vifurushi ya stesheni ya treni ya Kwemkole. Mizani kubwa ya kupimia mizigo bado ilikuwa ukutani, haijapata wa kuing'oa. Tangu magereza ya makosa ya uzembe yafungwe, na watu waanze kufungwa kiungo badala ya kufungwa wao, wilaya ilihitaji mahali penye meza imara na mwanga wa kutosha, na mtu mwenye subira. Mahali palipatikana. Mtu wa subira alikuwa Nakijwa Mshana, fundi mitambo mstaafu, ambaye hakusomea udaktari wala sheria. Alijifunza ramani ya neva kutoka kwenye vitabu vya kuazima, jioni baada ya jioni, kama alivyojifunza zamani ramani ya nyaya za mashine. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Katika miaka kumi na mmoja alikuwa amelaza mikono thelathini na minne na miguu saba.

Sindano ya pili ilipata neva ya nyuma, ile inayoinua kiganja. Ya tatu ilipata neva ya kati, yenye kuamrisha kidole gumba na wenzake wawili. Taa tatu za njano zikawaka katika kikuku kwa mstari.

"Sasa nisome," alisema Nakijwa, akavaa miwani.

*

Utaratibu ulikuwa hivyo: jalada lisomwe kwa sauti, kielelezo kionyeshwe, mfungwa athibitishe, ndipo neva zifungwe moja moja. Nakijwa alikuwa na desturi ya kutolisoma jalada mapema. Aliona si vyema mtu akaingia kwa fundi amekwisha kuhukumiwa mara mbili.

"Semboja Hoza," alisoma, "mnyapara wa zamu katika shamba la mkonge la Kwembago."

Kwembago. Alijua Semboja anatoka huko. Walifanya kazi pamoja miaka ya nyuma, yeye akiwa fundi wa mitambo na Semboja kijana mpya wa kubeba matita. Ndiyo maana alimwita Mama Fundi. Hilo halikumzuia. Wilaya ndogo, kila mkono aliowahi kuufunga ulikuwa wa mtu anayemfahamu mtu anayemfahamu yeye.

"Kosa: kumsababishia mwenzake madhara makubwa ya mwili kwa uzembe wa kujua. Mahakama ilijiuliza maswali matatu. Je, alikusudia? Hapana. Je, aliijua hatari? Ndiyo. Je, aliweza kuiepuka, akaipita? Ndiyo. Kiungo: mkono wa kulia, kuanzia kiwiko kushuka. Muda: miezi thelathini."

"Michache," alisema Mwantumu.

Nakijwa aliendelea. Mshtakiwa, kwa kukiri kwake, alifunga kwa kamba kishikio cha lango la usalama la mashine ya kukwangua mkonge, ili lango lisiinuke na mashine isisimame. Saa nne asubuhi, mkono wa mlishaji, Mwantumu Shekalaghe, ulivutwa pamoja na majani. Lango halikuinuka. Mashine haikusimama.

Akafungua bahasha ya kielelezo. Ilikuwa na dirisha la kioo laini. Ndani mlikuwa na kipande cha kamba ya singa, zile nyuzi za mkonge, kilichokatwa pande zote mbili, na katikati yake fundo.

Alilitazama fundo hilo kama mtu anayekuta hati yake mwenyewe kwenye barua asiyokumbuka kuiandika.

Kwao, kule Upareni, baba yake alilitumia kufungia ndama wakati wa kukamua. Ng'ombe akirusha teke, unavuta mkia wa kamba, ndama yuko huru. Halifunguki lenyewe, na halikatai kufunguka. Hakuna mtu mwingine Kwembago aliyelijua mpaka mwaka ule wa mvua nyingi, miaka ishirini na miwili iliyopita, majani ya mkonge yalipokuja yamelowa na kurundikana mdomoni mwa mashine. Lango la usalama liliruka kila mara. Kila liliporuka mashine ilisimama, na kuirudisha kwenye kasi yake kulichukua dakika sita. Plastiki ilikuwa imeshapigwa marufuku dunia nzima na kila nchi ilitaka singa. Kwenye ubao wa malengo tarakimu ya zamu ilikuwa nyekundu siku nzima. Hakuna meneja aliyesema fungeni lango. Walisema tu tarakimu iwe ya kijani.

Ndipo fundi Nakijwa akachukua kamba akafunga kishikio. Mkia wa kamba aliuacha mrefu kama mkono, ukining'inia karibu na kifua cha mlishaji. Akawaita watu watano wa zamu akawafundisha. "Mkia ndio usalama," aliwaambia. "Likitokea jambo, vuta." Alijiona amegundua njia ya kuwapa mabwana singa zao na watu mikono yao.

Katika bahasha, mkia ulikuwa mfupi kama ukucha.

"Mkia uko wapi?" aliuliza. Swali hilo halikuwa kwenye utaratibu.

Semboja aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ulikatwa, Mama Fundi. Zamani. Mkaguzi alikuwa akipita anauona unaning'inia."

"Nani aliukata?"

"Aa, nani. Mmoja aliupunguza, mwingine akaupunguza. Tukazoea."

Nakijwa alishusha macho kwenye ukurasa wa mwisho wa jalada. Kilikuwepo kisanduku kimoja alichokijua kwa moyo, kwa kuwa katika majalada yote arobaini na moja kiliandikwa neno lile lile. *Mikono mingine iliyohusika.* Hapo ndipo wapelelezi walipotakiwa kumwandika aliyeamuru au aliyefundisha. Akipatikana mmoja, miezi inagawanywa sawa kwa sawa. Thelathini inakuwa kumi na mitano kwako, kumi na mitano kwangu. Ubao wa malengo hauna mkono, kwa hiyo hauwezi kuandikwa. Meneja hakugusa kitu, naye hawezi.

Kisanduku kiliandikwa: *Hakuna.*

"Thibitisha," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku. Jambo hilo baadaye lilimuuma kuliko mengine yote.

Semboja akabonyeza kidole gumba kwenye ukurasa.

"Neva ya kwanza."

"Funga," alisema Mwantumu.

Taa ya kwanza ikageuka kijani. Vidole viwili vya mwisho vya Semboja vikajikunja taratibu, kama mtoto anayesinzia.

"Neva ya pili."

"Funga."

Kiganja kikaanguka kutoka kwenye kifundo, kikaning'inia kama jani la mgomba lililovunjika. Semboja alikitazama. "Sasa najua kuku anavyojisikia," alisema, "akishikwa shingo."

"Kwenda huko!" alisema Mwantumu, lakini alikuwa ameshautazama ukuta.

*

Kati ya neva ya pili na ya tatu kulikuwa na mapumziko ya dakika ishirini, damu ipate kuzunguka kabla mkono haujavimba. Semboja alitolewa uani atembee. Kupitia dirishani Nakijwa alimwona akizunguka reli ya zamani, mkono wa kushoto ukiubeba wa kulia.

Jalada lilikuwa bado wazi mezani. Taa ya tatu ikigeuka kijani, litajifunga lenyewe huko mahakamani, na halifunguliwi mpaka muda uishe. Mwisho wa kumfunga ulikuwa kesho saa sita mchana.

Nakijwa alivuta droo akatoa daftari lake la buluu. Hili lilikuwa lake, si la serikali. Kila mkono aliofungua aliupima: uzito unaoinuka, upana wa vidole vikitanuliwa, muda wa kufunga kifungo cha shati. Waliofungwa chini ya miezi kumi na minane walirudiwa na nguvu wote, wengine wakilalamika kidogo wakati wa baridi. Waliopita hapo walikuwa sita. Wa kwanza hakuweza tena kushika kijiko. Wa sita, mshonaji, aliweza kukishika, basi. Makao makuu walisema kiungo huamka chote, muda wowote. Nakijwa aliwaandikia barua mara tatu. Mara tatu walimletea kijitabu chenye picha ya mtu anayetabasamu akichuma chungwa.

Miezi thelathini. Huko ni kukata bila kutoa damu.

Kumi na mitano mkono huamka.

"Mwantumu," alisema, akaenda kukaa kwenye benchi, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati. "Nina neno. Ukimaliza kulisikia unaweza kunitemea mate."

"Nina mdomo mkavu, mama. Sema."

"Lile fundo ni langu. Mimi ndiye niliyelipeleka Kwembago. Huyu nilimfundisha mimi."

Alitarajia kelele. Mwantumu alimenya nyuzi za muhogo kwa meno, akatafuna, akameza.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Tunaliita hivyo hivyo. Fundo la Mama Fundi. Ulidhani tunaliitaje?"

Kwa muda mrefu Nakijwa alifikiri jina lake lilibaki Kwembago kwenye ile pampu ya maji aliyoirekebisha.

"Nataka niandike jina langu kwenye jalada," alisema hatimaye. "Miezi igawanywe. Kumi na mitano mimi, kumi na mitano yeye."

"Uigawe? Kama nyama ya sadaka?" Mwantumu alimgeukia. "Mimi nilikatwa nusu?"

"Hukukatwa nusu."

"Basi."

"Miezi thelathini mkono wake hautaamka, mwanangu. Wanasema utaamka. Mimi ndiye ninayeifungua, nimeiona. Alihukumiwa kulala, hakuhukumiwa kufa."

"Na wangu unaamka lini?"

Mwantumu aliweka muhogo chini, akafuta vidole kwenye gauni.

"Sikiliza, mama. Wewe unafikiri Semboja alinyamaza kukulinda wewe? Mtu wa miaka ishirini iliyopita?" Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Alinijia hospitali. Hakuleta hata chungwa. Akakaa pale miguuni akaniambia, wapelelezi wameniuliza nani alinifundisha, nimesema tulikuta hivyo. Nikimtaja mmoja wataanza kuuliza wote. Nikamwambia vizuri. Kwa sababu Jumanne ya wiki ile, mama, nani alifunga? Mimi. Jumatatu, mimi. Tulikuwa tunapokezana. Nililifunga kwa mkono huu." Akautikisa ule mkono mfupi, pini ikametameta. "Siku ile ilikuwa zamu yake. Ingekuwa yangu, wangeandika kwamba nimejiumiza mwenyewe, na kesi ikaisha."

Nakijwa alianza kuona. Aliona polepole, kama afuatavyo neva chini ya ngozi.

"Mkono wa bandia," alisema.

"Nimeshapimwa. Unakuja mwezi wa tisa. Masharti umeyasoma wewe, mimi nimesomewa: anapewa yule ambaye mikono yake haikuhusika. Ukiandika jina lako watakuja Kwembago na maswali. Nani mwingine? Nani mwingine? Watu watataja, kila mtu ana watoto. Wakifika kwangu, mkono wangu wanampa mwingine." Akaokota muhogo, akauweka tena bila kuuma. "Mtoto wangu ana miezi minane. Unajua namna ninavyomfunga mgongoni? Kwa meno, mama. Namfunga kwa meno."

Uani, Semboja alikuwa amesimama, akiwatazama kunguru.

"Unamchukia?" aliuliza Nakijwa.

"Kila asubuhi. Mchana naichukia mashine. Jioni nachoka." Akaangalia mlangoni. "Leo nimekuongeza na wewe. Mwite, tumalize."

*

Alikaa mezani, Semboja mbele yake, mkono umelazwa juu ya taulo. Sindano ya tatu ilikuwa mahali pake, taa njano. Kilichobaki ni neno moja la Mwantumu.

"Mama Fundi," alisema Semboja kwa sauti ya chini, "usijisumbue. Dada amenionyesha kwa uso tu kwamba umemwambia. Mimi ningekuwa Mpare mwenzako ningekata rufaa mpaka ng'ombe waishe zizini. Ila sisi Wasambaa tukishiba tunalala."

"Unajua huo mkono hautarudi?"

Semboja alikuwa hajui.

"Lakini kile kijitabu walichonipa," alisema.

"Kijitabu ni cha waliokichapa."

"Nina nyumba sijaiezeka," alisema Semboja. Hakuwa akimwambia mtu. Halafu akasema, "Lakini wangu upo, Mama Fundi. Hata mkono ukifa, upo. Utanitangulia kuingia mlangoni. Wake haupo." Akaugeuza uso. "Na nilijua. Hakimu hakunionea hapo. Kila nilipofunga nilikuwa najua. Nilijisemea, leo si siku yenyewe."

Nakijwa alielewa maneno hayo vizuri kupita kiasi. Uzembe wa kujua ulikuwa huo tu. Hauhitaji moyo mbaya. Unahitaji asubuhi nyingi zilizopita salama.

Na hapo ndipo vidole vyake vilipomletea wazo, kabla ya kichwa. Sindano ya tatu ikirudishwa nyuma kiasi cha unene wa karatasi, kikuku kitaisoma neva na kuigeuza taa kijani, lakini mshiko utakuwa hafifu. Mchana Semboja atauning'iniza mkono mbele za watu. Usiku, ndani kwake, atakunja vidole vitatu, mara mia, mara mia mbili, na mkono utaishi. Jalada litafungwa. Mwantumu atapata wake mwezi wa tisa. Hakuna atakayeumia. Hata Nakijwa hataumia. Ingemchukua sekunde tatu. Vidole vilikuwa vimeshashika kichwa cha sindano.

Kufunga kitu kionekane kimefungwa, na kuacha mkia.

Akamwona fundi atakayekuja baada yake, na atakayekuja baada ya huyo, kila mmoja akiupunguza mkia kidogo kwa sababu yake njema, akimfungulia ndugu, akimfungulia mwenye chochote mfukoni, mpaka siku kikuku kitakapomlegea mtu ambaye hakika alistahili kufungwa, na mwanamke mwingine akakaa kwenye benchi lile. Watu wangeliita jina gani, hilo nalo? Alijua wangeliitaje.

Lakini pia alimwona yule wa sita, mshonaji, akikishika kijiko.

"Neva ya tatu," alisema Mwantumu. Alikuwa amesimama. "Niseme?"

"Usiseme bado," alisema Nakijwa, akaondoa mkono kwenye sindano.

"Mama?"

"Kesho. Saa mbili asubuhi. Sheria inanipa mpaka saa sita."

"Kesho! Na mtoto nimwache tena kwa jirani? Yule mama leo tu amenuna!"

"Mlete. Nitamshika."

"Utamshika," alisema Mwantumu kwa uchungu. "Wewe una mikono." Kisha, kama aliyegundua kuwa amesema zaidi ya alivyotaka, akaanza kukusanya mihogo yake, akaiweka katikati ya kitambaa, akashika ncha mbili kwa vidole na kuinama kuidaka ya tatu kwa meno. Ikamponyoka. Akajaribu tena.

Semboja alinyoosha mkono wa kushoto.

"Si huo," alisema Mwantumu. "Leta huo wa kesho."

Semboja akaubeba mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauweka juu ya kitambaa. Kiganja kiliinama, vidole viwili vimelala, lakini kidole gumba na wenzake wawili vilibana. Mwantumu akazungusha ncha yake. Yeye akavuta ya kwake. Hakuna aliyemwambia mwenzake apitishe wapi. Vidole vitano vya mtu mmoja na vitatu vya mwingine vilikwenda vilikozoea kwenda, na lilipokazwa, hakuna hata mmoja kati ya watu watatu mle chumbani aliyehitaji kuuliza ni fundo gani.

Mwantumu alilitazama. Akauvuta mkia wa kitambaa, akaurefusha.

"Saa mbili," alisema, akatoka. Semboja alimfuata kwa mbali, kama mtu asiye na ruhusa ya kumfuata.

Nakijwa aliandika kwenye kitabu cha kazi: *Neva ya kwanza, imefungwa. Ya pili, imefungwa. Ya tatu, kesho.* Mbele ya neno *Sababu* kalamu yake ilisimama. Jua la alasiri lilikuwa limeingia mpaka kwenye mizani ya mizigo. Alifunga jalada, akalifungua tena kwenye ukurasa wa mwisho, penye kile kisanduku, akaliacha hivyo.

Kisha akachukua utepe wa kupimia. Akakunja mkono wa blauzi, akauzungusha utepe juu ya kiwiko chake cha kulia, pale kikuku hukaa, akiushika kwa mkono wa kushoto na kuubana kwa kidevu. Ulisoma sentimita ishirini na nane. Akapima tena. Ishirini na tisa na nusu. Kikuku kikilegea hakishiki, kikibana kinaua nyama. Mkono wa kulia haupimwi vizuri na wa kushoto, inahitaji mtu wa pili.

Akaandika vipimo vyote viwili pembeni mwa daftari la buluu, kwa penseli, akaweka alama ya kuuliza.